Ukuta wa Dagaa

Ninyi vijana mnaohudumia abiria siku hizi, wenye sare zilizopigwa pasi na vitambulisho vifuani, nawaonea wivu kidogo na huruma kidogo. Wivu kwa sababu boti zenu zina vyoo vinavyofungika kwa ndani. Huruma kwa sababu sijaona mtu aliyewafundisha kumsoma abiria anaposhuka garini, kabla hajafungua mdomo. Mimi nilifundishwa, na mwalimu wangu alitumia mwiko. Ninyi nitawapeni bure, kaeni tu msikilize.

Nilikuwa mhudumu kwenye boti iliyotoka Nkome kwenda Mwanza miaka ya tisini. Iliitwa Tulia, ingawa injini yake haikuwahi kutulia hata siku moja. Mwenye boti alikuwa Bwana Nathu, Mhindi mwenye duka la vitambaa Geita mjini. Baba yake alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma alichoongea yeye kilikuwa kinakipita changu mbali. Mimi nimezaliwa kwenye kota za reli Shinyanga, baba fundi wa reli, mama mtu wa Tabora. Nyumbani tuliongea Kiswahili tu, na mila za wenye ng'ombe nilizisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kwa hiyo nilipoanza kazi, binti tu, nilijua kuchemsha chai na kufagia, basi.

Aliyenipokea ni Bi Zuhura, mhudumu mkuu, mwanamke wa Ujiji mwenye umbo la pipa na macho ya polisi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kikombe cha chai botini hujazwa nusu, na mwenye kulalamika huongezwa nusu nyingine akishaimaliza ile ya kwanza. Alinionyesha kwamba anayeogopa maji hakai mbele wala nyuma, anakaa katikati, uso ukielekea tunakokwenda, na hapewi uji hata akiulilia. Mpe mahindi ya kukaanga atafune polepole. Mpe na limau anuse. Halafu muulize habari za ng'ombe wake, na kama hana ng'ombe muulize za jirani yake mwenye ng'ombe, maana mtu anayesema ubaya wa jirani hatapiki.

Juma langu la pili kazini walishuka kwenye gari la Kahama mama mtu mzima na kijana mmoja. Walikuwa na kikapu kimoja, wanakwenda safari moja. Nikajua ni mama na mwanawe. Nikawatandikia mkeka mmoja, nikawaletea sinia moja la ugali na samaki, na kwa bashasha zangu nikawaambia wanawe mikono pamoja. Yule kijana aliruka kama nimemwekea nyoka. Akapanda juu, akaenda kukaa juu ya mnyororo wa nanga, juani, mpaka Mwanza. Mama naye akajifunika khanga usoni na hakula hata tonge. Mimi nimesimama na sinia langu, sijui nimekosa nini.

Bi Zuhura alinipiga mwiko kwenye kiganja. Akaniambia yule si mwanawe, ni mkwe wake, mume wa binti yake. Kwa Wasukuma wa vijijini mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali mbele ya macho ya mwenzake, hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Wala si kwamba wanachukiana. Heshima yenyewe ndiyo hiyo, na anayemheshimu sana mkwe wake ndiye humkwepa sana. Kisha akanipa somo ambalo nimelitumia mpaka nilipostaafu.

"Usimuulize abiria anakwenda wapi," akasema. "Boti ni moja, inakwenda Mwanza. Muulize anakwenda na nani."

Kwa sababu hiyo Tulia ilikuwa na chumba cha akina mama. Msifikirie kitu cha fahari. Ilikuwa ni sehemu ya ndani tu, iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao nyepesi, na mlango wake upande wake. Lakini watu wa Kishapu na Kahama walikipenda chumba kile kuliko chai yetu. Mkwe alikaa upande huu, mama upande ule, na sisi wahudumu tukawa njia yao ya kusemezana. Basi la kwenda Mwanza kwa barabara halikuwa na dawa hiyo. Kwenye basi viti ni viwili viwili, na mkiingia Sengerema mnabanwa mpaka bega la mtu linaingia kwenye mbavu za mwingine.

Bi Zuhura alirudi kwao Ujiji miguu ilipoanza kumvimba. Akaniachia mwiko na cheo. Haukupita muda mrefu, dhahabu ikawaka Geita, magari yakaongezeka barabarani, na abiria wetu wakaanza kuhesabika kwa vidole. Bwana Nathu akaja mwaloni, pale boti na mitumbwi inapotia nanga, siku ya gulio na kipaza sauti cha kukodi. Akatangaza kwamba nauli ya Tulia imeshushwa, sasa ni nusu. Watu wakapiga vigelegele. Alipoendelea wakanyamaza. Chai haitakuwapo tena, chakula hakitakuwapo, mikeka kila mtu aje na wake. Boti haitalisubiri tena gari la Kahama likichelewa. Na chumba cha akina mama kinavunjwa, ili nafasi ile ipakiwe magunia ya dagaa.

Wiki ile mwalo mzima ulikuwa bunge. Mmoja anasema nusu nauli ni nusu nauli, chai atakunywa kwake. Mwingine anamuuliza, na hilo gari la Kahama likikwama Bukoli, utalala wapi Nkome, chini ya nyavu? Wapo waliosema basi ni bora kwa kuwa linakushusha hadi mlangoni. Wengine wakasema basi linakushusha hadi mlangoni ukiwa umekwisha kuwa rangi ya barabara. Wachimbaji walioshuka kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, walichekelea. Wao walikuwa wanataka kufika tu, na chakula chao wenyewe mara nyingi kilikuwa kwenye chupa.

Safari ya kwanza ya nauli nusu nusura tuungue. Baba mmoja wa Kahama, aliposikia kwamba kila mtu ajitegemee kwa chakula, aliingia na jiko la mkaa, sufuria, kuku aliye hai, na mke mwenye kisu. Nahodha alitoka mbio kutoka kwenye usukani akiwa na ndala moja. Walibishana kwa heshima kubwa, baba yule akisisitiza kwamba tangazo halikutaja majiko. Kuku akafika Mwanza salama, na nasikia aliishi miaka.

Nimecheka hapa, lakini siku zile sikuwa nacheka sana. Nilikuwa mhudumu asiye na cha kuhudumia. Birika langu, ambalo Bi Zuhura alilisugua kwa majivu mpaka ukauona uso wako humo, lilining'inia tupu. Nilizunguka katikati ya watu na mikono mitupu, nikawa kama mgeni kwenye nyumba niliyokuwa nikiipikia.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwalo umejaa dagaa waliotandazwa mchangani, niliwaona wanakuja. Kijana ametangulia, mama anafuata, na kati yao kuna fimbo ndefu ya kuchungia. Kijana ameshika ncha ya mbele bila kugeuka nyuma. Mama ameshika ncha ya nyuma, kichwa kimeinama. Mama alikuwa haoni. Nikatazama ile fimbo, na mara moja nikajua ni nani na nani. Mtoto angemshika mama yake mkono.

Kijana aliitwa Mabula, mchimbaji mdogo wa vilima vya Geita. Mkewe, Limi, alimpangia chumba pale Nkome, karibu na mwalo. Limi alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza majuma machache nyuma, na mama yake, tuliyemwita Mama Limi, alikuja kutoka Kishapu kumuuguza. Alikuja akiwa hivyo hivyo, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, kwa miaka. Alimwogesha mjukuu kwa kupapasa. Alimpakata, akamnusa, akamwimbia, lakini hajamwona. Ndipo ikasikika redioni kwamba madaktari wa macho wamekuja Mwanza kwa muda mfupi, na wanasafisha macho ya aina ile. Limi hakuweza kusafiri na kichanga. Hakuna ndugu mwingine aliyekuwa karibu. Aliyebaki ni Mabula.

Mabula hakuja kwanza kwenye boti. Alinieleza baadaye kwamba walijaribu basi. Walifika mpaka kwenye mlango wa basi, mama akapapasa, akakuta kiti chake kinashikana na cha mkwewe, akashuka kimya. Hapo Mabula akasema Tulia ina chumba cha akina mama, aliwahi kukiona alipokwenda kuoa. Habari za kubomolewa kwake hazikuwa zimefika shimoni.

Aliponiamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, naye akaniuliza kwa sauti ya chini chumba kiko wapi. Nikamwonyesha pale kilipokuwa. Palikuwa na sakafu, alama za misumari, na abiria wamekwisha kutandika mikeka yao goti kwa goti. Uso wa kijana ulishuka.

Mama Limi hakuhitaji kuonyeshwa. Aliusikia ukubwa wa ile sehemu kwa sauti za watu. Akasimama kwenye ubao wa kuingilia, akauliza kama ukuta haupo. Nikamwambia haupo, mama. Akaachia ncha ya fimbo.

Pale kwenye ubao alikuwepo Mama Shida, mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke mkarimu mwenye mdomo usio na mlango. Magunia yaliyokuwa yakipakiwa siku ile karibu yote yalikuwa yake. Akamwambia Mama Limi kwamba angekuwa yeye, macho yanamngoja Mwanza, angekwenda hata mgongoni kwa huyo mkwe. Abiria wengine wakaunga mkono. Wakasema dunia imebadilika. Wakasema safari ni ya siku moja tu. Mmoja akasema kwa wema kabisa kwamba mama mwenyewe haoni, sasa atamwonaje mkwe?

Mama Limi aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza. Hakukasirika.

"Macho yangu ndiyo yamekwisha," akasema. "Heshima yangu bado. Yeye anaona. Mnataka amwone mama wa mkewe anapapasa chakula?"

Akaomba mtu yeyote mwanamke amrudishe nyumbani kwa bintiye. Mabula akasema yeye atapanda juu ya paa, kwenye jua, haidhuru. Nahodha akakataa, maana siku ile kulikuwa na upepo na juu ya paa pamefungwa mitungi ya mafuta. Akasema atakaa kwenye injini. Nahodha akakataa tena, huko hata panya walihama. Nikamwona kijana yule, mikono yake imejaa makovu ya mwamba, anaifuta jasho fimbo ile kwa shati lake, hajui afanye nini nayo. Wanangu, niliumia. Madaktari wale wasingengoja safari yetu nyingine, na kila mtu pale alijua.

Sasa msiniite mwerevu. Sikufikiria chochote, niliona tu. Wapakiaji walikuwa wanapita mbele yangu na gunia la dagaa, wanalitupa pembeni, kisha wanarudi na lingine. Na nikaona kwamba magunia ni yale yale yaliyokula chumba chetu. Nikamwendea nahodha, nikamwuliza, magunia yakipangwa katikati, mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma, yakapandishwa mpaka kimo cha mtu aliyekaa, boti itapata shida? Akakuna kidevu. Akasema shida itatoka wapi, mzigo ukikaa katikati boti inatulia zaidi, ila wapakiaji watanuna.

Wapakiaji walinuna. Abiria waliinuliwa mikeka yao, nao wakanuna. Mama Shida alinuna kuliko wote, akasema dagaa wake wataegemewa na migongo ya watu mpaka wawe unga. Lakini ni yeye aliyevua viatu akaanza kuonyesha gunia lipi likae juu ya lipi, na akasukuma na mabega yake mwenyewe. Ulipokamilika ulikuwa ukuta hasa. Ulikuwa unanuka. Tukatundika khanga kwenye nyufa za juu, na kina mama wakahamia upande mmoja pamoja na Mama Limi, kana kwamba chumba hakikuvunjwa kamwe.

Mama Limi alipapasa ukuta, akanusa kiganja chake, akacheka kwa mara ya kwanza. "Wabeja," akaniambia, asante. Kisha akatafuta ncha ya fimbo yake.

Safari ile nilifanya kazi kuliko siku zote za chai. Mabula kutoka upande wa pili anauliza, mwulize mama kama jua linamchoma. Navuka. Mama anajibu, mwambie hapana, na mwulize yeye kama amekula. Navuka. Mkate alionunua Mabula ulipita mikononi mwangu, na maji pia. Chai haikuruhusiwa kwa abiria, lakini wafanyakazi tulikuwa na yetu, na kikombe changu ni mali yangu. Nikamimina nusu kwa Mama Limi, na nyingine kwa Mabula. Mama alikuwa anakunywa taratibu, uso umeelekea ukuta, na alipoona, yaani alipohisi, kwamba nimekaa karibu naye, akaniuliza jambo ambalo alikuwa nalo muda mrefu.

Alisema Mabula alipokuja kuposa, macho yake mwenyewe yalikwisha kuingia ukungu. Anajua sauti yake na hatua zake. Anajua kwamba kila akitoka shimoni na kitu, hakosi kumtumia chumvi na sukari Kishapu. Lakini hajui binti yake anaishi na uso wa namna gani. Na hata akipona, hatamtazama.

"Wewe unaona," akasema. "Nieleze yukoje."

Nikachungulia juu ya magunia. Mabula alikuwa amesinzia, kichwa nyuma, mdomo wazi. Nikarudi. Nikasema ni mrefu, mweusi, ana kovu kwenye shavu. Akasema wachimbaji wote wako hivyo. Nikasema ana masikio yaliyosimama kidogo na paji pana. Akasubiri. Nikasema ana uso mpole. Akasubiri tena, halafu akanigonga goti, kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyeshindwa kusoma. Akaniambia nisihangaike. Niliona aibu, maana kazi yangu ilikuwa kuwatazama watu, na nimeambiwa nimtazame mmoja nikarudi na maneno ya kwenye kitambulisho.

Mwanza tuliagana gatini. Nikawaona wakipanda kilima na fimbo yao, yeye mbele bila kugeuka, mama nyuma. Nilimwombea kwa Mungu wangu, na kwa kuwa sikujua wa kwake anaitwaje, nikamwomba na huyo pia.

Waliporudi safari ile Bwana Nathu alikuwamo. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi nauli nusu inavyofanya kazi. Nikawaona Mama Limi na Mabula gatini. Mama alikuwa amevaa miwani myeusi mikubwa. Alikuwa anakwepa madimbwi ya maji yeye mwenyewe. Alikuwa anaona. Lakini fimbo ilikuwa bado katikati yao, na bado ameishika, kichwa kimeinama kuliko mwanzo. Mabula naye, masikini, alikuwa na kazi mpya ya kukimbia macho yaliyopona. Alijificha nyuma ya mtu mnene mpaka mtu yule akauliza kama amemwibia.

Kurudi Nkome hatupakii dagaa, tunapakia bidhaa za dukani. Basi tulijenga ukuta wa makatoni ya sabuni. Bwana Nathu akaja kuniuliza kwa ukali nani amepanga mzigo wake hivi. Nikamweleza habari yote, tangu kwenye ubao wa kuingilia. Alimtazama Mama Limi aliyekuwa amekaa upande wake, akishangaa rangi za khanga za wenzake moja moja. Akasema kwamba kwao pia, mama yake mzazi mpaka anafariki hakuwahi kumfunulia baba mkwe uso, na kwamba yeye alipokuwa anavunja mbao zile alifikiri anavunja mbao. Wiki iliyofuata alileta jora la pazia kutoka dukani, lenye maua makubwa ya zambarau ambayo hakuna mtu Geita aliyewahi kukubali kuyanunua. Likatundikwa. Chai haikurudi, nauli ilibaki nusu, na watu wa Kishapu wakaanza kuja tena, hata wale walioona maua yale yanawaumiza macho.

Lakini nilikuwa nawaambia kuhusu kushuka. Nkome Limi alikuwa mwaloni, amesimama pembeni ya dagaa walioanikwa, mtoto amefungwa mgongoni. Mabula alishuka kwanza, akaweka fimbo chini kwa upole, akaenda mbali upande wa mitumbwi na kutugeuzia mgongo, ili mama awe huru. Mimi nikamshika Mama Limi mkono kwenye ubao, ingawa hakuhitaji.

Limi alimfungua mtoto akampa. Mama Shida mwenyewe, aliyekuja kupokea sabuni yake, alifunga mdomo. Mama Limi akavua miwani. Jua lilimwumiza, machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imembeba mtoto. Akamtazama. Akamgeuza kidogo. Akapitisha kidole kwenye paji, pana. Akapitisha kwenye sikio, limesimama. Alimtazama muda mrefu sana, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kutazama kitu mpaka atosheke, na mimi nilikuwa sijaelewa bado.

"Uso huu si wa kwetu," akasema taratibu. "Pua si ya kwetu. Masikio haya hatunayo." Akainua macho kwangu, akatabasamu. "Mama, ulishindwa kunieleza. Kumbe ndivyo alivyo."

Limi akajifunika uso kwa khanga akalia. Mimi nilitaka kulia pia, lakini nikakumbuka kwamba mimi ni mhudumu, na upande wa mitumbwi kuna mtu amesimama amelipa mgongo jambo linalomhusu, na yeye hawezi kuuliza. Nikatembea mchangani mpaka alipo. Nikamwambia mama amemwona.

Alishtuka. Akasema haiwezekani, hajageuka hata mara moja tangu Mwanza. Nikamwambia hakuhitaji kugeuka, mama amemwona kwa mtoto. Vidole vyake vikaanza kuchezea ile chumvi ya ziwa iliyokauka kwenye ubavu wa mtumbwi, ambayo si chumvi, ni magamba ya samaki. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Amesemaje?"

Nikageuka kuangalia. Mama Limi alikuwa bado hajamrudisha mtoto kwa mama yake, amemsogeza karibu kabisa na uso wake, na midomo yake inasema neno lile lile mara kwa mara. Nilikuwa nimekwisha kulisikia nilipokuwa naondoka. Basi nikamfikishia, kama nilivyofikisha maji na mkate.

"Amesema ni mzuri," nikamwambia.